Askari Mstaafu Mbele Yako: Mwongozo Kamili wa Ziara ya Kwanza kwa Daktari Bingwa, Uganda

Kila mwaka tunapokea madaktari bingwa wapya kwenye kliniki ya askari wastaafu, na kila mwaka makosa ni yale yale. Mzee anaingia, anapimwa presha, anaandikiwa dawa ya maumivu, anaondoka. Miezi sita baadaye anarudi na fomu ya kudai malipo ya ulemavu iliyokataliwa mkononi, kwa sababu ripoti ya daktari haikueleza kitu. Mguu ule ule, maumivu yale yale, nauli mpya.

Tatizo si elimu. Wengi wana MMed (shahada ya uzamili ya tiba) ya Makerere au Mbarara na wanasoma ECG, mchoro wa moyo, kama gazeti. Tatizo ni kwamba wanaanza na ugonjwa, wakati mgonjwa huyu hueleweka ukianza na kikosi chake.

Mwongozo huu ni wa ziara ya kwanza, tangu anapovuka mlango hadi ripoti inapogongwa muhuri. Ninauandika kama daktari wa magonjwa ya ndani. Madaktari wa upasuaji wana mambo yao.

## Vinavyohitajika

Cha kwanza ni muda: dakika 45 kwa mgonjwa mpya. Ukipewa dakika 10, gawa kazi hii katika ziara mbili na umwambie mgonjwa hivyo tangu mwanzo.

Mezani uwe na:

- mashine ya presha yenye mikanda miwili, wa kawaida na mpana
- rula ya sentimita, tochi, na kifaa cha kuchungulia masikio
- vyuma viwili vya mtetemo: 128 Hz kwa neva za miguu, 512 Hz kwa masikio
- uzi wa nailoni wa gramu 10 wa kupimia ganzi
- kipima sukari, vipimo vya haraka vya HIV na vya homa ya ini B
- madodoso mafupi ya PC-PTSD-5 (kiwewe cha vita), PHQ-9 (sonona) na AUDIT-C (pombe), yakiwa yametafsiriwa tayari
- toleo la 2023 la mwongozo wa tiba wa Wizara ya Afya
- muhuri wenye jina lako na namba yako ya usajili
- ramani ya Uganda na majirani zake, ukutani

Ramani hiyo si pambo. Ya kwangu ni ile ya shule ya msingi, na imenisaidia kuliko vifaa vingi vya bei kubwa. Mzee asiyekumbuka mwaka huweka kidole mahali alipoumia bila kusita.

Mgonjwa naye aje na kitambulisho cha taifa, karatasi za kutoka jeshini, namba yake ya jeshi, yale madaftari ya shule tunayoandikia matibabu (yote, hata yaliyoliwa na panya), dawa zote anazotumia zikiwa kwenye mfuko, na mtu anayelala naye nyumba moja. Huyo wa mwisho utamhitaji katika hatua ya tano.

## Hatua ya 1: Weka usajili wako sawa

Hapa ni haraka. Leseni ya kutibu hutolewa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno la Uganda, UMDPC, na huhuishwa kila mwaka. Ubingwa husajiliwa peke yake, kwa hiyo shahada ya uzamili iliyotundikwa ukutani haitoshi. Ukitoka Kenya au Tanzania, usidhani usajili wa kwenu unatosha hapa.

Sababu ni moja: ripoti iliyotiwa sahihi na daktari ambaye leseni yake imelala ni karatasi tu, na atakayeumia ni mzee.

Umefaulu ikiwa: namba iliyo kwenye muhuri wako ndiyo iliyo kwenye daftari la Baraza, na leseni ni ya mwaka huu.

## Hatua ya 2: Mpokee kwa lugha yake ya kazi

Daktari aliyekulia Kampala huanza kwa Kiingereza, kisha Kiluganda. Mgonjwa wake anatoka Arua, au Kitgum, au Moroto, na lugha aliyofundishwa nayo kuvunja bunduki na kuiunganisha ni Kiswahili. Mwambie, "Karibu afande, kaa. Jina na namba?" Utaona mgongo unanyooka. Mtu aliyekuwa akijibu "ndiyo" na "hapana" ataanza kusimulia.

"Afande" ni salama kwa mstaafu wa cheo chochote. "Mzee" ni nzuri kwa mwenye mvi. Usimwite mtu "kadogo", yaani askari mtoto, hata kama yeye mwenyewe anajiita hivyo. Walioingia porini wakiwa watoto sasa wana wajukuu, na jina hilo wana haki nalo wao, si wewe.

Tahadhari. Kwenye benchi moja la nje wanaweza kuketi mtu wa jeshi la Amin, mtu wa UNLA (jeshi la serikali baada ya Amin) na mtu wa NRA (waasi wa Museveni walioshika nchi 1986). Watu hao waliwahi kulengana mitutu. Maswali ya jeshi gani na upande gani yaulizwe mlango ukiwa umefungwa. Foleni nayo ifuate hali ya mgonjwa. Kanali mstaafu mwenye kikohozi anaweza kumsubiri kopla mwenye maumivu ya kifua. Mweleze hivyo kwa adabu, naye ataelewa, maana jeshini kanuni ni kanuni.

Na mwanamke anayeingia si lazima awe mjane aliyefuata pensheni ya mume. Muulize kama yeye mwenyewe alitumikia. Nimewahi kumpa mama mmoja fomu ya wajane, akaniangalia, akavua kitambaa cha kichwa na kunionyesha kovu la risasi. Sijarudia.

## Hatua ya 3: Chora safari yake ya jeshi

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ndiyo inayobeba zote. Kabla ya "unaumwa wapi?", uliza haya na uandike majibu kwa mpangilio wa miaka:

Uliingia lini, wapi? Mafunzo ulifanyia wapi? Kikosi gani? Kazi gani: bunduki, mizinga, udereva, jikoni, mawasiliano? Uliumia wapi, mwaka gani, nani alikufunga kidonda? Ulitoka lini, na ulitolewa kwa sababu gani?

Kazi yake pekee hukuonyesha mengi. Mtu wa mizinga, pima masikio. Dereva wa malori, pima mgongo na sukari. Mpishi aliyepuliza kuni miaka 20, sikiliza mapafu.

Kisha mahali.

Luweero, vita vya msituni vya NRA, 1981 hadi 1986. Majeruhi wengi walitibiwa porini na hakuna faili. Mifupa iliunga ikiwa imepinda. Usimdai karatasi ya hospitali ya mwaka 1983. Karatasi yake ni kovu lake, na wewe ndiye unayepaswa kulisoma.

Kaskazini, 1987 hadi 2006. Vita dhidi ya LRA, waasi wa Joseph Kony, vilikuwa na mabomu ya ardhini na miaka mingi ya kutembea. Uliza pia homa ya ini B, kwa sababu maambukizi huko ni ya juu kuliko sehemu nyingi za nchi. Mgonjwa Mwacholi akikutajia "cen", yaani roho ya marehemu inayomfuata, usiandike kichaa. Andika alichosema, kisha uliza usingizi na ndoto.

Congo, 1998 hadi 2003. Malaria ya kurudiarudia, na majeraha ya mapigano ya Kisangani ya 1999 na 2000. Aliyekaa sana kando ya Ziwa Albert au Mto Nile, ndani ya nchi au nje, mfikirie kichocho. Wengu likiwa kubwa na amewahi kutapika damu, usisubiri, mpeleke akachunguzwe umio kwa kamera.

Somalia, tangu Machi 2007. Milipuko, bila shaka. Lakini uliza na jambo ambalo vijana hawalijui: mwaka 2009 na 2010 askari wa AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika, mjini Mogadishu walivimba miguu na kukosa pumzi, na wengine walikufa. Ilikuja kuonekana kuwa ni upungufu wa thiamini, vitamini B1. Mstaafu anayekwambia "nilivimba Mogadishu nikarudishwa nyumbani" anakupa historia ya moyo wake na neva zake kwa sentensi moja.

Halafu kuna HIV. Mwaka 1986 askari 60 wa Uganda walipelekwa Cuba kwa mafunzo, wakapimwa, 18 wakakutwa na virusi. Fidel Castro alimweleza Rais Museveni jambo hilo mjini Harare mwaka huo huo. Wastaafu wa kizazi kile walioishi nayo hadi leo wana miongo ya dawa mwilini, na figo zao zinataka macho.

Akisema alitoka kati ya 1992 na 1995, huenda ni mmoja wa wale zaidi ya 36,000 waliopunguzwa jeshini kwa awamu kupitia UVAB, bodi ya kuwasaidia askari wastaafu. Muulize karatasi za zoezi lile. Mara nyingi zipo, zimefungwa kwenye nailoni juu ya dari.

Umefaulu ikiwa: unaweza kumsimulia maisha yake ya jeshi kwa dakika moja, naye akasema, "Ndiyo hivyo, daktari."

## Hatua ya 4: Pima mwili, kovu kwa kovu

Presha kwanza: akae dakika 5 kimya, pima mikono yote miwili, rudia, kisha pima akiwa amesimama. Wazee wengi wanaotumia amitriptilini au dawa za tezi dume hushuka presha wakisimama, wakaanguka chooni usiku.

Avue nguo, mbele ya muuguzi, nyuma ya pazia. Huwezi kupima askari juu ya shati. Kwa kila kovu andika upande, mahali, urefu kwa sentimita, umbo, na kama kuna kitu kigumu chini ya ngozi. Risasi iliyopita ina makovu mawili. Ukiona moja tu, jiulize nyingine iko wapi, na jibu mara nyingi ni "bado imo ndani".

Kipande cha chuma kilichotulia kwenye nyama kwa kawaida huachwa. Mambo mawili hubadilisha uamuzi huo. La kwanza, risasi iliyo ndani ya kiungo kama goti au nyonga: ute wa kiungo huyeyusha risasi polepole na madini yake (lead) huingia kwenye damu. Mzee mwenye risasi gotini, tumbo linalosokota, damu pungufu na kiganja kilicholegea, fikiria sumu ya madini hayo kabla ya kumwandikia dawa ya vidonda vya tumbo kwa mara ya tano. La pili, kipande kilicho karibu na jicho au uti wa mgongo.

Tahadhari. Usimpeleke MRI mtu yeyote wa kliniki hii kabla ya eksirei. Sumaku haijui kwamba vita vimekwisha.

Kisha masikio, ganzi ya nyayo, na kisiki kama amekatwa mguu: rangi ya ngozi, vidonda, mahali panapouma ukigusa, na kama mguu wa bandia bado unamkaa. Wengi wamekonda au kunenepa tangu wapewe. Gulu, Fort Portal na Mulago kuna karakana za viungo bandia, kwa hiyo andika rufaa siku hiyo hiyo.

Kuuma kwa vidole ambavyo havipo ni maumivu ya kweli. Mwambie hivyo kwa maneno hayo hayo, maana kuna ambaye hajawahi kumwambia hata mkewe akiogopa kuchekwa. Amitriptilini miligramu 10 hadi 25 usiku husaidia, lakini muulize kwanza kama mkojo unatoka vizuri.

## Hatua ya 5: Uliza kuhusu usiku

Usianze na "una msongo wa mawazo?" Jibu ni "hapana" na mlango umefungwa. Anza hivi: "Afande, usiku unalalaje?" Halafu nyamaza. Kunyamaza huko ni sekunde ndefu kweli, lakini kuvumilie.

Kisha mgeukie aliyekuja naye, kwa ruhusa ya mgonjwa: anapiga kelele usingizini? Anaamka akikagua milango? Watoto wanaogopa kumwamsha? Mke mmoja alinieleza kwamba humwamsha mumewe kwa kumgusa na ufagio, akiwa amesimama mlangoni. Dodoso lolote halingenipa hilo.

Ndipo utoe PC-PTSD-5. Mimi nikipata "ndiyo" tatu kati ya tano, naendelea na uchunguzi kamili. PHQ-9 ifuate, na swali lake la tisa, la kutaka kufa, uliulize kwa sauti. Usimpe tu karatasi ajaze.

Ukilifikia hilo, uliza kuhusu bunduki. Wastaafu wengi hulinda benki na maduka kwa kampuni za ulinzi na hushika silaha kila jioni. Mtu mwenye mawazo ya kujiua na zamu ya usiku yenye bunduki hapaswi kurudi lindoni leo. Panga na familia, na apelekwe kwenye kitengo cha afya ya akili cha hospitali ya rufaa ya mkoa au Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili, siku hiyo hiyo, akiwa na mtu.

Pombe: AUDIT-C inahesabu glasi, lakini malwa, pombe ya ulezi, inanywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja, na hakuna anayehesabu. Mimi huuliza saa alizokaa chunguni na pesa alizochanga. Waragi ni rahisi zaidi, uliza chupa.

Tahadhari. Usimwamuru mnywaji mzito aache ghafla nyumbani. Anaweza kupata degedege na kufa. Mlaze, mpe diazepamu kwa mpango, na thiamini itangulie glukosi. Huyu ana upungufu ule ule wa B1 wa Mogadishu, ila ameupatia baa.

## Hatua ya 6: Vipimo vyote siku moja

Mtu wa mbali, kama Kapeeka, hawezi kuja Jumatatu kutoa damu na Alhamisi kuchukua jibu. Kubaliana na maabara kwamba sampuli za kliniki hii zitangulie: sukari, kreatinini, damu kamili, HIV, homa ya ini B, mkojo. Ongeza makohozi kwa GeneXpert (mashine ya kupima kifua kikuu) kwa mwenye kikohozi cha wiki mbili, na eksirei kwa kila kovu lisilo na pacha.

Aliyewahi kutibiwa kifua kikuu na bado anakosa pumzi si lazima awe na kifua kikuu tena. Mapafu yaliyobaki na makovu hufanya hivyo. Usimrudishie dawa za miezi sita bila ushahidi wa maabara.

## Hatua ya 7: Andika dawa ambazo kituo cha kwao kinazo

Swali si dawa ipi ni bora. Swali ni ipi itakuwapo kwenye Kituo cha Afya cha III au IV karibu na kwake mwezi wa nne wa matibabu. Kaa ndani ya orodha ya dawa muhimu, na mwenye hali tulivu mpe za miezi mitatu.

Migongano ninayoiona kila wiki:

Walio wengi kwenye ARV sasa wanatumia dolutegraviri. Dawa hiyo hupandisha kiwango cha metformini, dawa ya kisukari, mwilini, kwa hiyo usivuke miligramu 1,000 za metformini kwa siku. Yenyewe pia inaweza kupandisha sukari kwa baadhi ya watu, na taarifa za mapema za jambo hilo zilitoka hapa hapa Kampala. Mwenye kifafa cha jeraha la kichwa anayemeza karbamazepini, fenitoini au fenobarbitoni anashusha dolutegraviri mwilini mwake. Badilisha dawa ya kifafa, au urekebishe dozi ya ARV pamoja na kliniki yake.

Tenofoviri (ARV nyingine) na diklofenaki (dawa ya maumivu) ni marafiki wabaya wa figo, na askari mstaafu hununua diklofenaki dukani kama peremende. Ndiyo maana uliambiwa aje na mfuko.

Umefaulu ikiwa: mgonjwa anakutajia kila dawa, ya nini na saa ngapi, bila kuangalia karatasi.

## Hatua ya 8: Andika ripoti isiyorudi

Sasa tumefika mahali fomu zinapofia. Nilipoanza, ripoti yangu moja ilirudishwa mara tatu na ofisi moja ambayo sitaitaja. Nilikasirika. Baadaye nikaisoma tena kwa macho ya karani na kukubali kwamba hata mimi ningeirudisha. Nilikuwa nimeandika: "Jeraha la zamani la risasi, mguu. Maumivu sugu. Anahitaji msaada."

Mguu upi? Lini? Anashindwa nini?

Linganisha na hii: "Anaeleza kwamba alipigwa risasi paja la kulia mwaka 1985 akiwa kazini wilayani Luweero, akatibiwa porini. Kuna kovu la mviringo la sentimita 1.5 mbele ya paja na la sentimita 4 nyuma. Eksirei ya leo inaonyesha mfupa wa paja ulioungana ukiwa umepinda, na vipande vya chuma. Mguu wa kulia ni mfupi kwa sentimita 3. Matokeo haya yanaendana na maelezo yake. Anatembea mita 200 kisha hupumzika. Hawezi kuchuchumaa kwenye choo cha shimo. Hawezi kubeba jerikeni ya lita 20. Hali hii ni ya kudumu."

Mambo manne yanaifanya isimame.

Tenganisha alichosema na ulichoona. "Anaeleza" ni yake, "kuna" ni lako. Ukichanganya, bodi inayopima ulemavu itatilia shaka vyote.

Tumia "yanaendana na" badala ya "yalisababishwa na" pale ambapo hukuwapo. Daktari anayeapa kuhusu mapigano ya 1985 huku amezaliwa 1990 anajichekesha.

Pima ulemavu kwa maisha ya hapa: kuchuchumaa, kulima kwa jembe, kupanda boda, kubeba maji, kufunga vifungo, kusikia jina lake likiitwa kwenye foleni. Asilimia iachie bodi, isipokuwa fomu yenyewe imekudai, na hapo fuata jedwali lake, usikisie.

Andika na yasiyoonekana. Ndoto, masikio yanayovuma na kifafa vina haki ya kuwa kwenye ripoti sawa na mguu. Lakini muulize mwenyewe kwanza kama anataka ya akili na ya HIV yaandikwe, kwa sababu karatasi hii itapita mikono mingi, pengine hadi kwa mwenyekiti wa LC1, yaani wa kijiji.

Tahadhari. Usimwahidi pesa. Usiseme "hii itapita". Na atakayekuomba uongeze kidogo, maana wapo, mwambie kwamba ripoti moja ya uongo ikigunduliwa, zile mia za kweli zilizobeba muhuri wako zitafunguliwa upya.

Soma ripoti kwa sauti mbele yake, kwa Kiswahili. Atakurekebisha mwaka au jina la mahali, na ni nadra asirekebishe kitu. Kisha sahihi, tarehe, muhuri, na nakala tatu: yake, ya faili, ya bodi.

Umefaulu ikiwa: mtu asiye daktari anaweza kuisoma na kumtambua mgonjwa akimwona anatembea uwanjani.

## Hatua ya 9: Ziara ya pili

Mpe tarehe baada ya wiki sita, na uchukue namba ya simu ya mtu wa nyumbani, kwa sababu ya kwake mara nyingi haina chaji. Barua ya kurudi kwa kituo cha karibu iseme dawa, vipimo vya kurudia, na dalili za kumrudisha mapema.

Akirudi, anza na usiku, kisha dawa, kisha mguu. Angalia kama ripoti imepokelewa na imeandikwa kwenye rejesta ya ofisi husika, na unakili namba ya kupokelewa kwenye faili lako. Siku wakisema imepotea, utakuwa nayo.